Kufinyanga Dubwana la Bahari: Anza na Samaki wa Kweli

Wengi wanaojaribu kutengeneza sanamu ya dubwana la bahari huanzia mdomoni. Huchora meno marefu, wakaongeza macho mekundu na pembe, na mwishoni kabisa ndipo wanapotafuta kiwiliwili cha kubebea vitisho hivyo. Sanamu ikishakauka na kupakwa rangi, kichwa huonekana kimesimama peke yake na mwili umefuata kwa shuruti. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume. Unakutaka uanze na samaki wa kweli, umjue anavyoogelea, anavyopumua na anavyokamata windo, kisha umbadilishe hatua kwa hatua hadi awe kitu ambacho hakuna mvuvi aliyewahi kukitoa majini. Nashikilia kwamba kinachomfanya mtazamaji asite mbele ya sanamu ni kuamini, walau kwa dakika moja, kwamba mnyama huyu angeweza kuishi. Hofu huja nyuma ya imani hiyo, na bila yake haiji. Kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia unene wa waya hadi mng'ao wa vanishi, upime kwa swali hili: je, mnyama huyu angeweza kuishi?

Ushahidi mmoja wa hoja hii umetoka mikononi mwa walaghai. Katika karne ya 16 huko Ulaya viliuzwa vidubwana vilivyokaushwa, vyenye mabawa, mkia mrefu na uso unaokaribia wa binadamu, na wanunuzi wakaambiwa ni majoka machanga. Conrad Gessner, mwanazuoni wa Zurich, alieleza mwaka 1558, katika juzuu lake la wanyama wa majini, kwamba vitu hivyo vilikuwa samaki aina ya taa waliokatwakatwa, wakapindwa na kukaushwa. Mgeuze taa chali utaelewa kwa nini hila ile ilifaulu. Macho yake halisi yako upande wa juu. Upande wa chini yako matundu mawili ya pua na mdomo uliopinda, na mpangilio huo jicho la binadamu huusoma papo hapo kuwa ni uso. Mlaghai hakuhitaji kubuni karibu chochote. Alikata mapezi, akakaza uzi pale alipotaka shingo, akaliachia jua limalizie. Ngozi, gegedu na mikunjo vyote vilikuwa vya kweli, na watu waliendelea kuvisadiki muda mrefu baada ya Gessner kuandika. Wewe huna nia ya kumdanganya mtu, lakini somo la mikono ni lile lile: mwili wa kweli uliopindwa kidogo una nguvu kuliko mwili wa kubuni uliorundikiwa vitisho.

Linganisha vidubwana hivyo na ramani ya nchi za kaskazini iliyochapishwa na Olaus Magnus mjini Venice mwaka 1539. Bahari ya ramani hiyo imejaa viumbe: mmoja ana sura ya nguruwe, nyangumi wana mabomba kichwani yanayorusha maji, na joka jekundu limejizungusha kwenye meli. Leo vinapendeza ukutani kama mapambo, ila havimtishi mtu, kwa kuwa vimeungwa kwa vipande vya wanyama wa nchi kavu na mahali palipoungwa panaonekana. Utasema kwamba watu wa zama zile waliviamini. Ni kweli, lakini waliviamini kwa sababu ya masimulizi ya mabaharia na kwa heshima ya mwandishi. Sanamu yako itakapowekwa mezani haitakuwa na msimulizi wa kuitetea.

Kwa upande mwingine yupo silikanti. Desemba 1938 meli ya uvuvi ilimtoa samaki wa ajabu karibu na East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo akatambua kwamba amepata kitu kisicho cha kawaida, na mwaka uliofuata J.L.B. Smith akampa samaki yule jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Hadi siku ile jamii yake ilijulikana kwa visukuku tu, na ilidhaniwa ilitoweka pamoja na dinosauri, takriban miaka milioni 66 iliyopita. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimkuta kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, hasa pwani ya Tanga, ambako mwaka 2009 ilitengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mapezi yake ya jozi yamekaa juu ya vikonyo vya nyama na mifupa. Mkia wake una sehemu tatu, na ile ya katikati imechomoza peke yake nyuma. Magamba ni mazito na ya kukwaruza. Rangi ni buluu iliyokoza yenye mabaka meupe. Akiogelea taratibu huyapeleka mapezi yale kwa kupishana, la kushoto mbele pamoja na la kulia nyuma, mwendo ule ule wa mnyama wa miguu minne. Hana pembe, hana sumu, wala hafiki zaidi ya mita 2 hivi, na bado anayemwona kwa mara ya kwanza husita. Nitamtumia kama msingi wa sanamu yetu.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Dubwana ni mtoto wa ubunifu, atasema msomaji. Nikilifunga kwenye samaki wa kweli nitakuwa nimetengeneza samaki mbaya tu, na dubwana litakuwa limekufa. Jibu limo kwenye kazi ya Ray Harryhausen, fundi wa sanamu za sinema wa Marekani. Katika filamu ya mwaka 1955 iitwayo It Came from Beneath the Sea, pweza mkubwa anashambulia San Francisco. Pweza yule ana minyiri sita, si minane, kwa sababu fedha za kutengeneza na kuendesha minyiri yote hazikutosha. Watazamaji wengi hawakugundua. Walichokuwa wakikifuata ni namna mnyiri unavyotoka mwilini ukiwa mnene, unavyopungua kuelekea ncha, unavyojikunja na kunata. Yale yalikuwa sahihi, kwa hiyo hesabu ilipokosewa mnyama hakupoteza uhai. Ubunifu una uwanja mpana sana: ongeza jozi ya mapezi, refusha taya, ondoa macho kabisa ukipenda. Usichoweza kukibuni upya ni namna uzito unavyobebwa na namna kiungo kinavyoshikana na mwili.

Kabla ya kugusa waya, amua dubwana lako linaishi kina gani, maana uamuzi huo ndio utakaokuchagulia mengine. Mnyama wa juu ya maji anahitaji mwili wa kasi, mkia wa mwezi mwandamo na ngozi laini, kama jodari na nguru. Mnyama wa miambani anaweza kuwa mzito, wa mabaka, mwenye kichwa kipana kama chewa, au mrefu wa kujipenyeza kama mkunga. Mnyama wa kina kirefu ana mifupa myepesi, mdomo mkubwa kuliko mwili unavyostahili, na macho ama makubwa mno ama yaliyofifia. Usichanganye makazi matatu katika mwili mmoja. Kosa hilo ndilo linaloua sanamu nyingi, kwa sababu kila kiungo kinasimulia maisha tofauti na mtazamaji anahisi mgongano hata kama hana maneno ya kuueleza.

Amua pia ukubwa unaotaka mtazamaji auhisi, kisha uache jicho la sanamu liuseme. Macho hayakui kwa kadiri mwili unavyokua. Nyangumi wa buluu mwenye urefu wa mita 25 ana jicho la sentimita 11 hivi tu. Chukulia kwamba sanamu yako ina urefu wa sentimita 40 na inawakilisha mnyama wa mita 12. Kila sentimita yako ni sentimita 30 zake. Jicho la milimita 4 litakuwa na sentimita 12 katika maisha yake, ukubwa wa jicho la nyangumi, na sanamu itaonekana kubwa sana. Jicho la milimita 15 lingekuwa la sentimita 45, ambalo hakuna mnyama anayejulikana aliye nalo, na papo hapo dubwana litageuka kuwa mtoto wa samaki. Kuna pingamizi la haki hapa: ngisi mkubwa wa bahari kuu ana jicho linalofikia sentimita 27. Naam, naye analihitaji kwa sababu anaishi gizani. Ukichagua jicho kubwa, basi ungama kwamba dubwana lako ni la gizani, na mengine yote yafuate. Kanuni hii hii inatawala magamba na mikunjo: alama ndogo na nyingi zinakuza mnyama, alama chache na kubwa zinamdogosha.

Sasa kiunzi. Chora mnyama kwa ubavu, kwa ukubwa halisi wa sanamu, na mstari wa uti wa mgongo uwe wazi. Kata waya wa alumini wenye unene wa milimita 3, au sokota pamoja nyuzi mbili au tatu za waya wa kufungia nondo, uufuate mstari huo toka puani hadi ncha ya mkia. Waya wa chuma ukigusana na unga mbichi wa karatasi tutakaoufinyanga juu yake hushika kutu na kutoa madoa, hivyo uzungushie utepe au uupake rangi ya mafuta kwanza. Acha miguu miwili ya waya itokeze chini ya tumbo kwa sentimita 4 hivi. Ndiyo itakayoingia kwenye kibao cha kusimamishia. Kisha upinde uti wa mgongo, na hapa sharti ufanye uamuzi ambao mafundi wengi huukosea. Samaki na nyoka hujipinda kulia na kushoto. Nyangumi, pomboo na nguva hujipinda juu na chini, kwa sababu ni wanyama wanaonyonyesha na uti wao unatokana na mababu waliokuwa wakikimbia kwenye nchi kavu. Mikia yao nayo imelala bapa, ilhali ya samaki imesimama wima. Lile joka maarufu la michoro, linalotoa nundu tatu juu ya maji, linajipinda kama pomboo huku limevikwa magamba ya nyoka. Ukilitaka hivyo, livue magamba, ulilaze mkia, ulipe tundu la pumzi. Letu limetokana na silikanti, kwa hiyo linajipinda kwa ubavu, mpindo mpana mmoja karibu na kifua na mwembamba kuelekea mkiani. Kichwa kigeuze kidogo upande ule ambao mkia hauelekei. Mgeuko huo mdogo hugharimu sekunde kadhaa za koleo, na ndio unaoondoa ukakamavu wa samaki aliyepangwa mezani sokoni.

Jaza mwili kwa karatasi ya gazeti iliyokunjwakunjwa na kubanwa kwa utepe wa karatasi, hadi ufikie kama robo tatu ya unene unaoutaka. Bana kwa nguvu. Kiini kikilegea, ngozi ya juu itapasuka hata uwe na ustadi gani.

Juu ya nyenzo za kufinyangia kuna mabishano mengi, na napendekeza unga wa karatasi. Chana trei tano za mayai za karatasi, loweka usiku kucha, twanga au saga hadi zipate ulaini wa uji mzito, kisha kamua maji kwenye kitambaa. Kwa kila vikombe viwili vya karatasi iliyokamuliwa changanya karibu kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao na kikombe kimoja cha ile poda laini ya kuzibia nyufa za ukuta ambayo mafundi rangi huiita puti. Kanda hadi ishikane na isinate sana vidoleni. Ongeza poda ikiwa laini mno. Matone machache ya mafuta ya karafuu huzuia ukungu, jambo la maana sana ukifanya kazi mahali penye unyevu kama Zanzibar au Mombasa. Paka matabaka membamba, yasizidi milimita 6, na kila moja likauke kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili kabla ya jingine. Juani tabaka la nje hukauka haraka, la ndani likabaki bichi, halafu nyufa zikafuata.

Wapo watakaoniambia kwamba udongo wa polima ni bora. Kwa vitu vidogo nakubali: unashika alama hata ya sindano, haukauki hadi uuoke, na joto la nyuzi 130 hivi la oveni ya nyumbani linatosha. Lakini unaagizwa kutoka nje kwa bei kubwa, na ukizidishiwa joto huungua na kutoa moshi wa hatari. Wengine watapendekeza udongo wa mfinyanzi, ambao ni bure kando ya mto. Huo usiuweke kamwe juu ya waya. Udongo ukikauka hunywea kwa asilimia kadhaa, waya haunywei, na mwili utapasuka kwenye kila pindo. Anayetaka kutumia udongo wa mfinyanzi afinyange mnyama aliye wazi ndani, mnene na mfupi, asiye na mapezi marefu, na hilo ni dubwana jingine lenye uzuri wake. Kwa meno, miiba na makucha tumia ile gundi ya epoksi ya vipande viwili inayokandwa, wanayotumia mafundi bomba. Vaa glavu, lowesha kifaa chako, na ukande kiasi utakachomaliza kabla haijashika.

Mwili ukishakaa sawa, tengeneza kichwa kabla ya ngozi. Macho yatangulie: shanga mbili nyeusi za kioo, zizamishwe hadi nusu, kila moja ubavuni kwake. Samaki hana kope za kufumba, hivyo usimwekee nyusi za hasira. Zuia kabisa tamaa ya kumpa uso wa mtu mwovu. Kutokuwa na hisia kwa jicho la samaki kunatisha kuliko ghadhabu yoyote utakayoichonga. Nyuma ya taya weka kifuniko cha matamvua, na uhakikishe kuna mwanya wa maji kutokea. Mtazamaji huenda asiutaje, ila ukikosekana mnyama anaonekana amezibwa pumzi. Kuhusu meno, jiulize yanakula nini. Meno ya papa hukata, ya pono husaga miamba, ya samaki wa kina kirefu ni membamba na marefu kwa kuzuia windo lisitoroke. Ukitaka kitu cha kuogofya cha kweli, mfikirie mkunga: mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba ana taya la pili kooni, linalochomoka mbele kulivuta windo ndani baada ya taya la kwanza kuliuma. Taya dogo la epoksi lililojificha ndani ya mdomo uliofunguka nusu lina nguvu kuliko safu nzima ya meno ya nje.

Magamba yaanzie mkiani yakielekea kichwani, kama makuti yanavyoezekwa kuanzia ukingo wa chini wa paa, ili kila safu mpya ifunike mizizi ya ile iliyotangulia na maji yateleze kuelekea nyuma. Bandika vipande vidogo bapa vya unga wa karatasi, au bonyeza tabaka bichi kwa ncha ya mrija wa kunywea uliokatwa mshazari. Usiyatandaze sawasawa mwili mzima. Mgongoni yawe makubwa, tumboni yafifie, na karibu na mapezi na mdomo yapotee kabisa, maana ngozi inayokunjwa kila mara haiwezi kubeba magamba mazito. Mapezi ndiyo sehemu ambayo vifaa vya nyumbani vinashinda vya dukani. Vunja njiti za fagio la chelewa, zichomeke zikiwa zimetanuka kutoka kwenye kikonyo cha nyama, kisha paka gundi na ulaze tabaka mbili za karatasi laini ya shashi juu yake. Ikikauka, karatasi hunywea kidogo kati ya njiti na kutoa utando wenye mivuto halisi ya pezi. Chana ukingo mahali pawili au patatu. Mnyama mzee wa baharini hana mapezi mazima. Mapezi ya jozi yapishane, la kushoto mbele na la kulia nyuma yakielekea mahali pamoja, na mwendo wa silikanti utajitokeza hata kwa asiyemjua.

Mara nyingi kazi nzuri huharibikia kwenye rangi. Piga msasa mwepesi, kisha paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani kama msingi, tabaka mbili. Baada ya hapo linakuja tatizo linalostahili kufikiriwa kwa makini. Nguru, jodari na papa wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer alieleza mwaka 1896 sababu yake: mwanga unatoka juu, unaangaza mgongo na kutia tumbo kivuli, na rangi ya mnyama inapogeuza mpangilio huo vivuli vinafutika na mwili unaonekana bapa, haushikiki kwa jicho. Mwongozo unaosema fuata samaki wa kweli ungetarajiwa ukuagize ufanye vivyo hivyo. Lakini taa ya sebuleni nayo inatoka juu. Ukipaka mgongo giza na tumbo nyeupe kwa mteremko laini, utakuwa umefuta kwa brashi ule unene uliouhangaikia majuma mazima, na sanamu itaonekana imebanwa. Kwa sababu hiyo mafundi wengi wa sanamu ndogo hufanya kinyume, wakipauza sehemu za juu na kutia giza za chini. Unene unaonekana vizuri, ila mnyama anapoteza bahari.

Njia ya kutoka ninayoiona ni kubaki na rangi ya samaki huku ukiuvunja mteremko wake. Mgongo uwe wa giza na tumbo liwe hafifu, lakini tumbo lisifikie weupe. Liishie kwenye kijivu cha majivu au manjano iliyokufa. Mpaka kati yao usiteremke polepole. Uwe wa mabaka na ndimi zinazoingiliana, kama ubavuni mwa chewa, ili jicho lishike madoa na liendelee kuona mviringo wa mwili. Kisha chukua rangi ya kahawia au buluu iliyokoza, ichuje kwa maji mengi hadi iwe kama chai ya rangi, uimwagie mwili mzima na kuifuta juujuu kwa kitambaa. Itabaki kwenye mifereji ya magamba. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi hafifu, ifute hadi ikaribie kukauka, uipitishe wepesi juu ya vilele. Mifereji yenye giza na vilele vilivyopauka vitarudisha unene ambao mgongo mweusi ulitaka kuuchukua. Na ikiwa dubwana lako ni la kina kirefu, tatizo lote linaondoka, kwa kuwa kule mwanga wa juu haufiki na wanyama wengi ni weusi au wekundu mwili mzima. Wekundu huo una sababu: maji hufyonza mwanga mwekundu kwanza, hivyo mnyama mwekundu kule chini haonekani.

Mpenzi wa picha za Tingatinga atauliza rangi kali zimekosa nini. Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na wanyama wake hawakuhitaji kijivu cha majivu ili waishi. Hoja hii naiheshimu, na maumbile yenyewe yanaiunga mkono: pono ana kijani, buluu na waridi katika mwili mmoja. Thayer mwenyewe aliteleza alipodai kwamba karibu kila rangi ya mnyama ni ya kujificha, na Theodore Roosevelt alimpinga vikali kwa maandishi. Rangi kali zina kazi nyingine, kama kuonya au kuitana. Kwa hiyo zitumie, lakini zipe kazi. Waweza kupaka ukingo wa manjano kwenye miiba yenye sumu, au doa la buluu kali ndani ya mdomo linaloonekana ukifunguka. Ukipaka mwili mzima rangi sita kali, hakuna hata moja itakayosema jambo. Tahadhari ya kifundi: rangi ya mafuta hukaa juu ya rangi ya maji iliyokauka, ya maji juu ya mafuta hubanduka. Panga matabaka yako kwa mpangilio huo.

Vanishi ya kung'aa usiipake mwili mzima, maana utatoa kitu cha plastiki. Iweke kwenye macho, ndani ya mdomo, kwenye matamvua na kwenye kunjo za mapezi, mahali ambapo unyevu hubaki mnyama anapotoka majini. Mgongo upate vanishi isiyong'aa.

Limebaki pingamizi ninaloliona zito kuliko yote. Wachongaji wa Kimakonde, kuanzia miaka ya 1950, wamechonga sanamu za shetani zenye jicho moja, masikio yanayotiririka na miguu inayotokea mahali pasipotarajiwa. Hakuna samaki wala mnyama nyuma yake, na ni kati ya sanamu zenye nguvu kuliko zote zilizochongwa Afrika Mashariki. Je, hazivunji hoja nzima ya mwongozo huu? Naona zinatoka kwenye sharti jingine lenye ukali ule ule. Mchongaji anakabiliana na gogo la mpingo lenye mipindo yake, mafundo yake na tofauti ya kiini cheusi na mbao ya nje iliyopauka. Mti ulikua ukibeba uzito na kutafuta mwanga, na mpindo aliouacha fundi ndio unaoipa sanamu uti. Unga wa karatasi haukui, haupindi, haukatai chochote. Unakubali kila upuuzi wa vidole, na ndiyo sababu anayeutumia anahitaji samaki wa kumwekea mipaka. Anayepata ubao wa mtumbwi uliooza au mzizi wa mkoko uliotupwa ufukweni anaweza kuuacha mzizi huo umwongoze, na kumsahau silikanti.

Ukimaliza, toboa kibao kizito mahali miguu ya waya inapoangukia, itie gundi ya epoksi, na mnyama akae juu ya kibao bila kukigusa kwa tumbo. Weka taa ubavuni, si juu yake, uchunguze kila pembe kabla ya vanishi ya mwisho. Mwanga wa ubavu hufichua alama za vidole na mahali rangi ilipokosa kufika. Weka sanamu mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na ukuta wenye unyevu. Pezi likivunjika, njiti mpya ya chelewa na kipande cha karatasi ya shashi vinatosha kulirudisha.